BEN BARKA: NANI ALIMCHUKUA, NA NANI ANAFICHA?

Kila ifikapo tarehe 29 Oktoba magazeti ya Ulaya huandika maneno yale yale: fumbo la Ben Barka. Sisi neno hilo twalikataa. Fumbo ni jambo lisilojulikana na mtu yeyote. Jambo hili walikuwapo walioliona kwa macho yao, na karatasi zake zimefungiwa makabatini katika miji mikuu kadha wa kadha, na wenye funguo wanajulikana. Aliyefichwa haitwi aliyepotea.

Lakini leo twataka kusema na jambo jingine, nalo latuhusu sisi wenyewe. Barazani na mikutanoni, jina la Mehdi Ben Barka likitajwa, kila mtu ana muuaji wake mfukoni. Huyu asema ni Wamarekani, hakuna mwingine. Yule asema ni Waisraeli. Wa tatu aapa kwamba Mfalme wa Moroko alisimama pale pale na kutoa amri kwa kinywa chake. Ukiwauliza, jamani, ushahidi uko wapi? hujibu, nani asiyejua? Na ukitazama sana utaona kwamba kila mmoja amemkamata yule ambaye alikuwa akimchukia tangu zamani.

Jibu la namna hiyo humfurahisha mwenye hatia. Kesi ikijazwa maneno yasiyo na mzizi, wakili wake hulichukua neno moja la uongo, akalivunja mbele ya watu, na pamoja nalo akayavunja na yale ya kweli. Ndiyo maana tumeamua kuitumia nafasi hii kupima: lipi limethibitishwa, lipi lasemwa tu, na lipi lafichwa. Waliompenda marehemu ndio wapasao kuwa wakali zaidi katika kupima.

Kwa vijana ambao hawakuwahi kulisikia jina hili, ni haki waelezwe. Ben Barka alizaliwa Rabat mwaka 1920. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na miongoni mwa aliowafundisha alikuwamo mwana wa mfalme ambaye baadaye akawa Mfalme Hassan wa Pili. Tarehe 11 Januari 1944 alitia sahihi yake katika hati ya kudai uhuru, akiwa kijana wa miaka 24. Uhuru ulipopatikana mwaka 1956 aliliongoza Baraza la Ushauri la Taifa. Mwaka 1959 yeye na wenzake walijitenga na chama kikongwe cha Istiqlal wakaunda chama cha UNFP, kwani waliona uhuru umeingia ikulu lakini haujafika shambani. Novemba 1962 gari alimokuwamo lilisukumwa likatoka barabarani, naye akaponea chupuchupu. Mwaka 1963 akaenda uhamishoni. Vita vya mpaka kati ya Moroko na Aljeria vilipozuka Oktoba mwaka huo, akavilaani hadharani, na korti za kwao zikamhukumu kifo mara mbili naye hayupo.

Wala tusidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali yasiyotugusa. Mkutano wa tatu wa Mshikamano wa Watu wa Afrika na Asia ulikutana Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, Februari 1963, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyeufungua. Mazungumzo ya kuwaunganisha ndugu wa Amerika ya Kusini yalipita hapo, na huko Winneba, Ghana, Mei 1965, shauri likakatwa: mkutano wa mabara matatu ufanyike Havana Januari 1966. Mwenyekiti wa kamati ya matayarisho akawa Ben Barka. Mkutano ulikutana kweli, wajumbe wa nchi 82 wakafika. Mwenyekiti wa matayarisho hakufika.

Sasa tuitazame siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 29 Oktoba 1965, karibu na saa sita na nusu mchana, mbele ya mkahawa uitwao Lipp katika barabara ya Saint-Germain, Paris. Ben Barka alikuwa ameitwa kuzungumza juu ya sinema. Filamu hiyo ilikuwa ihusu ukombozi wa nchi zilizotawaliwa, na jina lake lingekuwa Basta, yaani Basi, Yatosha. Mtengeneza sinema aliyetajwa, Georges Franju, alikuwa mtu wa kweli mwenye jina lake. Lakini pembeni yake alikuwapo Georges Figon, mtu aliyekwisha kaa jela na mwenye marafiki wabaya. Mtego hufunikwa kwa majani mabichi, haufunikwi kwa takataka. Na kwa mtu kama Ben Barka chambo cha fedha kisingefaa kitu. Walimtegea kwa kitu alichokipenda, nacho ni kuwasomesha watu.

Askari kanzu wawili wa Kifaransa, Louis Souchon na Roger Voitot, wakamwendea, wakamwonyesha vitambulisho vyao, wakamwomba aingie garini. Gari lilikuwa la polisi, Peugeot 403. Mwanafunzi mmoja Mmoroko aliyefuatana naye akaambiwa ajiondokee, naye kwa kuachwa hivyo akawa shahidi. Ben Barka aliingia bila kupigana. Wako wanaoshangaa kwa nini mtu aliyekwisha kunusurika kifo aliingia kirahisi hivyo. Sisi hatushangai. Alikuwa katika nchi yenye sheria, ameombwa na askari halali mwenye karatasi halali. Huko ndiko kulikokuwa kiini cha hila yote: serikali ya kigeni iliazima uhalali wa polisi wa Ufaransa kwa muda wa dakika chache.

Ndani ya gari alikuwamo Antoine Lopez, mkubwa wa kampuni ya Air France katika uwanja wa ndege wa Orly, ambaye pia alikuwa akiipasha habari idara ya upelelezi wa nje ya Ufaransa, ile iliyoitwa SDECE. Alikuwamo na jambazi mmoja. Wakampeleka kusini ya Paris mpaka Fontenay-le-Vicomte, nyumbani kwa Georges Boucheseiche, mhalifu mkubwa aliyewatumikia Wajerumani wakati Ufaransa ilipotekwa katika vita kuu ya pili. Mlango ukafungwa. Tangu hapo hakuna shahidi wa kuaminika aliyesimama kortini akasema, nilimwona Ben Barka akitoka.

Mpaka hapo, ndugu, hakuna fumbo. Hayo yalikubaliwa na waliotenda wenyewe. Siku ya pili yake, tarehe 30 Oktoba, Jenerali Mohamed Oufkir, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Moroko, alitua Orly. Ahmed Dlimi, msaidizi wake katika mambo ya usalama, alitua pia. Aliyewapokea ni Lopez yule yule. Watetezi wa Oufkir walisema ilikuwa safari ya kifamilia, na ni kweli kwamba kutoka Paris alikwenda Geneva. Lakini waziri wa nchi aliye safarini kuwaona watoto wake ana haja gani ya kupokewa na mtu aliyemteka adui yake jana yake? Hili ni jambo moja katika kesi nzima ambalo upande wa pili haujapata kulijibu kwa maneno yanayoeleweka. Siku chache baadaye Oufkir alirudi Paris, akahudhuria karamu pamoja na wakubwa, kisha akaondoka kwa amani.

Korti ya Paris ilianza kuisikiliza kesi Septemba 1966. Oktoba ile ile Dlimi akajitokeza ghafula Paris na kujitoa mikononi mwa polisi, na kesi ikasimama, ikaanza upya mwaka 1967. Hukumu ilitolewa tarehe 5 Juni 1967, siku ile ile vita vilipozuka kati ya Israeli na nchi za Kiarabu, na magazeti ya dunia hayakuwa na nafasi ya kuiandika. Lopez alipewa miaka 8, Souchon miaka 6. Oufkir, Boucheseiche na wenzake kadha walihukumiwa kifungo cha maisha bila wao kuwapo. Voitot aliachiliwa. Dlimi naye aliachiliwa.

Basi kwa hukumu ya korti, na si kwa chuki ya mtu, mshitakiwa mkuu ni Oufkir. Swali linalobaki kwa upande wa Rabat ni mawili, nayo yapasa kutengwa. La kwanza, je, amri ilikuwa kumwua ama kumrudisha nyumbani akiwa hai? La pili, je, amri ilitoka juu ya Oufkir?

La kwanza twalipima hivi. Machi 1965 wanafunzi na watu maskini wa Casablanca waliingia barabarani na kupigwa risasi. Mfalme akatoa msamaha kwa wafungwa wa kisiasa, na mazungumzo ya kumrudisha Ben Barka nyumbani yakafanyika. Juni mwaka huo huo Mfalme akajitwalia madaraka yote. Mtu aweza kusema kwamba ikulu ilimtaka Ben Barka arudi, kwa hiari ama kwa nguvu, apate kusemezwa ama kufungwa. Na ni kweli pia kwamba mwenye nia ya kuua tu hana haja ya sinema, askari wawili, gari la polisi na nyumba ya jambazi. Risasi moja mlangoni pake ingetosha. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuitupi. Huenda walikusudia kumteka, na kifo kikatokea mikononi mwao katika mateso. Lakini wale wanaoitoa hoja hii kana kwamba ni udhuru wamekosea. Mtu ukimteka, ukamfunga, ukamtesa akafa, kisha ukaificha maiti yake na mke na watoto wake wakakaa miongo sita bila kaburi, sheria ya nchi gani itakuita asiye na kosa?

La pili ni gumu zaidi, na hapa twawaomba wasomaji wavumilie. Haijatolewa hadharani karatasi yenye amri ya Mfalme Hassan. Kilichopo ni mwenendo wake. Januari 1966 Ufaransa ilitoa hati za kumkamata Oufkir na kumwita balozi wake arudi, na Mfalme hakumtoa waziri wake. Alimweka, akampandisha, mpaka mwaka 1972. Boucheseiche na majambazi wenzake walikimbilia Moroko na kupata hifadhi. Mwenendo huo wathibitisha ulinzi baada ya tendo. Hauthibitishi amri kabla ya tendo. Twaweza kuwa na mawazo yetu, nayo ni mazito, lakini wazo halipandi kizimbani. Sisi twalaumu pale penye ushahidi: dola ya Moroko iliwalinda watu waliohukumiwa na korti, na hilo latosha kwa aibu.

Sasa tuje kwa Ufaransa. Jenerali De Gaulle alimwandikia mama yake Ben Barka akimwahidi kwamba haki itatendeka. Kisha tarehe 21 Februari 1966, mbele ya waandishi wa habari, akasema kwamba sehemu ya Wafaransa katika jambo hili ilikuwa duni na ya watu wa ngazi ya chini. Neno hilo tulipime. Ni kweli kwamba haujaonekana ushahidi wa De Gaulle mwenyewe kujua. Angalikuwa na faida gani? Wakati ule alikuwa akijenga urafiki na nchi za Afrika na Asia, na uchaguzi wa urais ulikuwa mlangoni, Desemba 1965. Tendo lile lilimtia aibu kubwa, na hasira yake hatuna sababu ya kuiona kuwa ni ya kuigiza. Mkubwa wa SDECE aliondolewa, na idara hiyo ikatolewa mikononi mwa Waziri Mkuu ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi.

Lakini ngazi ya chini? Lopez alikuwa amekwisha mwandikia mkubwa wake wa SDECE, wiki kadha kabla, juu ya mpango wa Wamoroko wa kumpata Ben Barka. Taarifa iliandikwa, ikapokewa, ikawekwa. Mkubwa huyo alishitakiwa na kuachiliwa. Kwa hiyo hatusemi kwamba alikuwa mshiriki. Korti imesema siyo. Twasema kwamba idara ya serikali ilikuwa na habari na haikumwonya mtu aliyekuwa hatarini katika ardhi yake. Kati ya kutenda na kuacha litendeke kuna tofauti katika sheria. Kwa yule aliyetiwa garini tofauti hiyo si kubwa.

Tuwatazame sasa mashahidi wa yale yaliyotokea ndani ya nyumba. Wa kwanza ni Figon. Tarehe 10 Januari 1966 gazeti la L'Express la Paris lilichapa habari yenye kichwa kwamba alimwona Ben Barka akiuawa, na ndani yake Oufkir anaonekana akimchoma kwa jambia. Dunia nzima ilisoma, na watu wengi mpaka leo wanasimulia habari hiyo kana kwamba walikuwapo. Sisi twaiweka katika mizani tukaona ni nyepesi. Figon alikuwa tapeli kwa kazi yake. Baada ya kuchapwa aliyakana. Na tarehe 17 Januari, siku saba tu baadaye, alikutwa amekufa katika chumba kimoja mjini Paris, polisi wakasema amejiua. Wengi hawaamini kwamba alijiua, nasi twaona wana sababu ya kutilia shaka. Hata hivyo, kifo cha shahidi hakiyafanyi maneno yake kuwa kweli. Hakupata kuhojiwa na wakili wa upande wowote. Linalosaidia katika habari yake ni kwamba Oufkir yumo, na hilo lapatana na safari yake tunayoijua kwa njia nyingine. Jambia tuliache.

Wa pili ni Ahmed Bukhari, ofisa wa zamani wa upelelezi wa Moroko, aliyejitokeza mwaka 2001. Alisema kwamba Ben Barka alikufa akihojiwa, mwili ukarudishwa Rabat kwa ndege kwa siri, na ukayeyushwa katika pipa la tindikali mahali paitwapo Dar el-Mokri. Bukhari ana jambo ambalo Figon hakuwa nalo: alikuwa mtu wa ndani ya idara, na alisema kwa jina lake, akiwa Moroko, ambako maneno hayo yangeweza kumfunga. Na kweli mwaka ule ule alitiwa jela, kwa shitaka la hundi zisizo na fedha. Lakini hakuwa Paris siku ile. Ya Paris aliyasikia kwa wenzake. Kwa hiyo ushahidi wake wapasa kukatwa vipande viwili: juu ya idara yake na watu wake ni shahidi, juu ya nyumba ya Fontenay ni msimulizi.

Halafu wapo Waisraeli. Desemba 1966 gazeti dogo la huko liitwalo Bul lilidokeza kwamba Mossad ilikuwa na mkono katika jambo hili. Nakala zikakamatwa, wahariri wawili wakashitakiwa kwa siri, wakafungwa. Serikali haimfungi mtu kwa kosa la kutoa siri ikiwa hakuna siri. Miaka mingi baadaye, hasa mwaka 2015, waandishi wa Kiisraeli wenyewe walieleza zaidi: kwamba Septemba 1965 Moroko iliwapa nafasi ya kupata yaliyosemwa katika mkutano wa wakuu wa Kiarabu huko Casablanca, na malipo yaliyotakwa yalikuwa msaada wa kumpata Ben Barka, kwamba msaada ulitolewa, nyumba na pasipoti, na kwamba baada ya Wamoroko kumwua, majasusi wa Mossad waliizika maiti katika msitu wa Saint-Germain karibu na Paris.

Hapo msomaji makini atasimama. Bukhari asema maiti ilipelekwa Rabat. Waisraeli wasema imezikwa msituni Ufaransa. Yote mawili hayawezi kuwa kweli. Huenda yote mawili ni uongo. Wengi wanapofika hapa hutupa mikono na kusema, basi hakuna linalojulikana. Sisi twaona kinyume. Mashahidi hawa wawili hawana udugu, hawana sababu ya kulindana, na kila mmoja amesema neno linaloiumiza serikali yake mwenyewe. Wamehitilafiana juu ya maiti. Juu ya aliyeua hawakuhitilafiana: wote wasema Ben Barka alikufa mikononi mwa watu wa Moroko, katika siku zile zile. Ushahidi wa namna hiyo, unaokubaliana katika shina na kuachana katika tawi, kila hakimu wa wilaya anaujua, na hautupi.

Juu ya Wamarekani tutasema kwa kifupi, ingawa twajua wako wanachama wenzetu watakaonung'unika. Shirika lao la kijasusi, CIA, lilikubali katika miaka ya 1970 kwamba lina hati kama 1,800 zinazomhusu Ben Barka, na limekataa kuzitoa. Hilo laonyesha kwamba walimfuata kwa macho, na mtu aliyekuwa akiwakusanya watu wa mabara matatu Havana wangeachaje kumfuata? Lakini kumfuata mtu si kumwua. Bukhari asema Waamerika walikaa katika idara ya Rabat na kufundisha, yawezekana. Mpaka hati zile zifunguliwe, Marekani twaiweka katika fungu la wanaoficha. Katika fungu la waliotenda hatuwezi kuiweka kwa ushahidi uliopo leo.

Liko jambo moja ambalo magazeti ya upande wetu hulipita kimya, nasi hatutalipita. Katika makabati ya Chekoslovakia ya zamani zimeonekana karatasi zisemazo kwamba Ben Barka alikuwa akikutana na majasusi wa nchi hiyo na kupokea fedha zao. Jamaa zake wanakanusha. Wanahistoria waliozisoma wanasema uhusiano ulikuwapo. Ofisa wa ujasusi ana tabia ya kumwandikia mkubwa wake kwamba kila aliyekunywa naye kahawa ni mtu wake, kwa hiyo karatasi hizo nazo zisomwe kwa jicho kali. Lakini hata ziwe kweli kila herufi, zabadili nini katika kesi ya mauaji? Hazimhamishi Lopez kutoka lile gari. Wanaozitumia kusema kwamba marehemu alijitakia, na wajiulize kama wangekubali hukumu ya namna hiyo kwa ndugu yao.

Na vifo vilivyofuata navyo visichanganywe. Oufkir alikufa Agosti 1972 baada ya jaribio la kumpindua Mfalme kushindwa; ilitangazwa kuwa amejiua. Dlimi alikufa Januari 1983 katika kile kilichoitwa ajali ya gari. Boucheseiche na wenzake walitoweka katika Moroko ile ile iliyowapa hifadhi. Mtu akiyapanga hayo kwenye mstari mmoja ataona mkono mmoja umefanya yote. Kifo cha Oufkir chaelezwa vya kutosha na uasi wake mwenyewe. Cha majambazi, ambao hawakuwa na neno la kumwuza mtu isipokuwa lile moja walilolijua, ndicho kinachostahili kuulizwa zaidi, na ndicho kisichoulizwa.

Jamaa za Ben Barka walifungua shitaka jipya Paris mwaka 1975, shitaka la mauaji. Faili hilo lingali wazi, na majaji wamepokezana kizazi kwa kizazi. Mwaka 2007 jaji mmoja alitoa hati za kuwakamata Wamoroko kadha, mmoja wao akiwa mkuu wa jeshi la gendarmeria la nchi hiyo. Oktoba 2009 hati hizo zilipelekwa kwenye polisi wa kimataifa, Interpol. Haukupita muda, wakubwa wa mashitaka wa Paris wenyewe wakazizuia. Kwa upande wa pili, Tume ya Usawa na Maridhiano ya Moroko, iliyoanza kazi mwaka 2004 na iliyofukua makaburi mengi na kuwalipa fidia watu wengi, ilipofika kwa Ben Barka iliandika kwamba jambo halikumalizika. Tume iliyokuwa na ruhusa ya Mfalme mpya haikuweza kupata kaburi moja.

Kwa hiyo madai yetu si marefu, na kila moja lina anwani. Rabat iijibu barua ya jaji wa Paris, na wale watajwao katika hati za mwaka 2007 walio hai wapelekwe mbele yake, hata kama ni kwa kuhojiwa tu. Wengine ni wazee sana, na wengine wamekwisha kufa. Paris izifungue karatasi za SDECE bila kufuta majina, taarifa za Lopez zikiwa za kwanza. Tel Aviv iseme kama ni kweli kwamba kuna mahali msituni Saint-Germain, na pako wapi, ili pachimbwe. Washington itoe hati zake 1,800. Na watu waifukue ardhi ya Dar el-Mokri, kwani hata tindikali haili kila kitu, na jino moja lingetosha kumwambia mwanawe ni hadithi ipi kati ya mbili iliyo ya uongo.